Kivuko Kwanza: Hoja Kuhusu Mipango ya Kutembea na Kuendesha Baiskeli katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Mipango ya kuboresha kutembea na kuendesha baiskeli katika vitongoji vya Dar es Salaam hupimwa kwa kilomita. Taarifa ya mradi hutaja urefu wa lami, urefu wa mitaro ya maji ya mvua na urefu wa njia ya waenda kwa miguu iliyojengwa kando yake. Kilomita zikiongezeka, mtaa huhesabiwa kuwa umeboreshwa. Kipimo hicho ni rahisi kukagua, kulipia na kutangaza, lakini kinaacha kando kiini cha tatizo. Kinachoamua kama mtoto atafika shuleni salama, au kama mchuuzi atafika kituoni na mzigo wake, ni mahali anapovukia barabara na kasi ya magari mahali hapo. Makala haya yanatetea msimamo kwamba mpango wa mtaa uanze na kivuko, kisha ndipo uende kwenye njia.

Mfano unaotumika ni ukanda wa Kimara hadi Mbezi, magharibi mwa jiji, kando ya Barabara ya Morogoro. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Dar es Salaam wakazi 5,383,728, na sehemu kubwa ya ongezeko la miaka ya karibuni imeangukia pembezoni kama huku. Nyumba zilitangulia barabara. Makazi yamepanda vilimani na kushuka mabondeni, na mkazi hutoka kwake kwa kichochoro, akavuka korongo, akapanda hadi barabara ya mtaa, ndipo akaifikia barabara kuu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, awamu ya kwanza iliishia Kimara. Kutoka hapo kwenda Kibaha, barabara ya njia mbili ilipanuliwa kuwa ya njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2. Stop Over, Suka, Temboni na Mbezi ni vituo vilivyo juu ya barabara hiyo, na kila kituo kina watu wa pande zote mbili.

Hoja ya ushoroba

Katika mambo mawili wataalamu hawana ubishi. La kwanza ni ukubwa wa madhara: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani kwa mwaka duniani, zaidi ya nusu yake vikiwa vya watu wasio na bodi ya gari la kuwakinga. Waenda kwa miguu peke yao walikuwa asilimia 23. La pili ni kasi: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu huchanganyika.

Ubishi uko kwenye swali la pa kuanzia. Mkabala uliotawala ni wa ushoroba: jenga barabara kuu, weka mabasi ya haraka, tandika njia za pembeni, na mitaa itafuata. Mkabala huu una sifa zake. Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018 kwa sababu ya mwendokasi, na kando ya ushoroba ule kweli yapo mapito ya watu na baiskeli ambayo zamani hayakuwepo. Hata hivyo mkabala wenyewe unajipinga. Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara. Kila abiria anayepanda au kushuka lazima avuke nusu ya barabara, na kwa safari ya kwenda na kurudi huivuka nusu hiyo mara mbili. Kadiri ushoroba unavyofanikiwa kuvuta abiria ndivyo unavyozalisha uvukaji. Kwa hiyo anayehesabu urefu wa njia za pembeni peke yake anahesabu pale ambapo hatari ni ndogo.

Mkabala wa pili ni wa bajeti. Sera ya usafiri usiotumia injini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itaelekezwa kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo imesifiwa sana, na inastahili, kwa kuwa bila fedha hakuna kinachojengwa. Lakini asilimia haisemi fedha ziende wapi. Mhandisi anaweza kuitimiza yote kwa kutandika matofali kwenye kilomita kadhaa za kando ya barabara pana, na anayetaka kwenda ng'ambo akabaki palepale alipokuwa.

Fikra ya kuanzia chini si ngeni katika kanda hii. Katika miaka ya 1990, mradi wa majaribio uliofanyika Temeke na Morogoro kwa upande wa Tanzania, na Nairobi na Eldoret kwa upande wa Kenya, ulijaribu vivuko vilivyoinuliwa, njia za baiskeli na vikao vya watumiaji wa barabara wenyewe. Mwongozo uliotokana na kazi hiyo, wa Marius de Langen na Rustica Tembele, ulitoka mwaka 2001. Miradi mikubwa iliyofuata ilirithi michoro kutoka kwingine.

Ushahidi wa milango ya shule

Ushahidi ulio bora zaidi kwa hoja ya kivuko umetoka Dar es Salaam yenyewe. Mpango wa SARSAI, ulioendeshwa na shirika la Amend, ulichagua shule za msingi zenye historia mbaya ya ajali, ukakagua mazingira yake kwa kufuata njia ambazo watoto huzitumia, kisha ukajenga vitu vidogo: tuta, kivuko cha pundamilia, alama, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande pembeni, na kipande cha njia ya miguu kutoka barabarani hadi getini. Pale ambapo geti lilifunguka moja kwa moja kwenye barabara yenye magari mengi, geti lenyewe liliweza kuhamishiwa upande wenye utulivu.

Thamani ya mpango huo kitaaluma iko katika namna ulivyopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha shule zilizofanyiwa marekebisho na shule nyingine zilizobaki kama zilivyokuwa, kabla na baada, kwa kuhoji kaya na kuuliza ni mtoto gani aliumia. Takwimu za polisi hazikutegemewa, na hilo ni muhimu, maana mtoto aliyegongwa na bodaboda akapelekwa zahanati ya jirani mara nyingi haingii katika kitabu cha polisi. Majeraha ya watoto yalipungua kwa hadi asilimia 26, na kasi ya magari katika maeneo yaliyorekebishwa ilishuka kwa hadi asilimia 60. Mpango huo ulipata tuzo ya Ross ya taasisi ya WRI ya 2018–2019.

Namna marekebisho hayo yanavyofanya kazi huonekana mtu akiyatazama kwa karibu. Mtoto wa darasa la kwanza ni mfupi kuliko bajaji. Bajaji mbili zikiegeshwa kando ya kivuko, dereva anayekuja hamwoni mtoto mpaka ametokeza mbele ya gari. Rangi nyeupe peke yake haibadilishi lolote hapo, na baada ya masika moja huwa imefutika nusu. Tuta humlazimisha dereva kukanyaga breki kabla hajamwona mtu yeyote. Nguzo fupi huondoa zile bajaji mbili. Kipande cha njia humfikisha mtoto kwenye tuta, asije akavukia mahali pengine. Kila kimoja kina kazi yake, na urefu wa vyote kwa pamoja hauwezi kuvutia katika taarifa inayohesabu kilomita.

Hesabu ya kuvuka

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba shule ya mtaani si barabara kuu: tuta haliwezi kuwekwa kwenye njia nane, hivyo jibu ni daraja la juu. Pingamizi hilo linastahili hesabu.

Njia nane zenye upana wa mita 3.5 kila moja ni mita 28. Mtu mzima anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huzivuka kwa takriban sekunde 23. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 500 katika muda huo. Anayevuka kwa mkupuo mmoja anatakiwa kupima kwa jicho mwendo wa gari lililo nusu kilomita kutoka alipo, tena katika pande mbili. Mtoto hawezi, na mtu mzima hubahatisha. Kukiwa na kisiwa cha katikati, uvukaji hugawanyika mara mbili za sekunde 12 hivi, upande mmoja baada ya mwingine. Magari yakiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi, nafasi inayohitajika hushuka hadi mita 160 hivi. Taa zikiwepo, kubahatisha kunakwisha.

Daraja sasa. Kuinua watu mita 5.5 juu ya barabara kwa mteremko wa 1 kwa 12, ambao mtu wa kiti cha magurudumu au mwenye mkokoteni anaweza kuumudu, kunahitaji mita 66 za kupanda na 66 za kushuka. Safari ya mita 28 inakuwa ya mita 160. Ngazi hufupisha safari hiyo, ila humfungia nje mlemavu, mjamzito aliyechoka, mwenye baiskeli na mwenye ndoo ya samaki kichwani. Anayeruka kingo na kukatiza chini ya daraja hulaumiwa kwa ukaidi, ilhali amefanya hesabu ileile. Madaraja yana mahali pake pale ambapo ardhi yenyewe inainuka pande zote mbili, na vilima vya Kimara vina sehemu chache za namna hiyo. Kwingineko, taa na kisiwa vitangulie.

Baiskeli iko wapi

Inaweza kudaiwa kuwa hoja ya kivuko inamsahau mwendesha baiskeli, ambaye anahitaji njia ndefu isiyokatika. Wanaodai hivyo huelekeza macho Uingereza, ambako tangu 2017 serikali za mitaa zimepewa mwongozo wa kuandaa mipango ya kutembea na kuendesha baiskeli, na ambako kuna programu ya kukadiria barabara zitakazovuta baiskeli nyingi. Programu hiyo iliegemea takwimu za sensa za safari za kwenda kazini. Kwa Mbezi msingi huo ni dhaifu, kwa kuwa safari nyingi ni za shuleni, sokoni, kisimani na kituoni.

Uingereza yenyewe ina ushahidi unaoelekea upande mwingine. Wilaya tatu za pembezoni mwa London, yaani Enfield, Kingston na Waltham Forest, zilipewa fedha mwaka 2014 kwa mpango uliobeba jina la Uholanzi, nchi ya baiskeli. Tathmini ya mwaka mmoja ilionyesha kuwa wakazi wa maeneo yaliyoguswa zaidi waliongeza dakika 41 kwa wiki za kutembea na kuendesha baiskeli. Kati ya hizo, dakika 32 zilikuwa za kutembea na 9 tu za baiskeli. Mpango wa baiskeli ulilipa zaidi kwa miguu, na si ajabu: sehemu kubwa ya kazi ilikuwa vivuko vilivyoinuliwa kwenye midomo ya barabara ndogo, na kufunga mitaa ya makazi isitumiwe na magari yanayokwepa foleni. Magari yakipunguza mwendo mtaani, baiskeli hupata njia bila kujengewa. Muuza mkate na muuza maziwa wa Kimara hawapiti ushorobani. Hupita mitaani, na adui yao ni bodaboda inayokata kona bila breki.

Nani apange

Kikwazo kikubwa kuliko uhandisi ni mgawanyo wa mamlaka. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara ya mtaa ni ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Shule ni ya halmashauri, na usimamizi wa kasi ni wa polisi wa usalama barabarani. Kivuko kinachounganisha shule na kituo hugusa wote wanne, kwa hiyo hakimo katika orodha ya yeyote. Njia ya kilomita tatu ina mwenyewe. Kivuko cha mita 28 hakina.

Utaratibu wa kukipa mwenyewe upo tayari. Mikutano ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo huwapa wakazi nafasi ya kutaja mahitaji yao. Kinachokosekana ni ramani. Kila serikali ya mtaa inaweza kuandaa moja kwa siku chache, ikishirikiana na walimu, madereva wa bodaboda wa kijiweni na wauguzi wa zahanati: wapi watu huvuka, saa ngapi, na nani ameumia wapi. Hata meza za machinga zionyeshwe, kwa sababu njia iliyojengwa bila kuwapangia nafasi hugeuka gulio ndani ya mwezi, na mwenda kwa miguu hurudi kwenye lami. Ramani hiyo ipelekwe kwa diwani na mamlaka zote nne kwa pamoja, ikiwa na orodha ya vivuko kumi vya kwanza.

Ushahidi uliopo ni wa watoto wa shule zaidi kuliko wa watu wazima, na wa mitaa zaidi kuliko wa barabara kuu. Pamoja na hayo, unatosha kubadili kipimo. Mradi wowote wa barabara katika vitongoji vya Dar es Salaam ungepaswa kueleza, kabla ya kilomita zake, ni vivuko vingapi utajenga, magari yatapita hapo kwa kasi gani, na ni watoto wangapi waliumia hapo mwaka uliotangulia. Mradi usioweza kujibu maswali hayo matatu usihesabiwe kuwa umewajengea waenda kwa miguu, hata kama umejenga njia pande zote mbili.