Mikebe, Mapipa na Magunia: Historia ya Samani za Vyumba vya Bukavu

Samani nyingi za watu wa kipato kidogo mjini Bukavu zilitokana na vitu vilivyoingia mjini vikiwa vimebeba vitu vingine: debe la mafuta ya taa, pipa la mawese, gunia la unga, kasha la sabuni. Sababu ya kwanza ni jiografia. Mji uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mbali na bahari zote mbili. Reli ya kati ya Tanganyika ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo yake ya kupakia na kupakua mizigo huko Dar es Salaam na Kigoma. Shehena ya Kivu ikawa inasafiri kilomita zipatazo 1,250 kwa treni, inavuka Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Uvira au Usumbura, kisha inapandishwa milimani kupitia Kamanyola. Kila ilipopakuliwa na kupakiwa upya, bei ilipanda, na chombo kilichoibeba kikapanda thamani pamoja nayo. Kukitupa kulikuwa hasara.

Bashi, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wakiishi katika nyumba za msonge zenye vitanda vya miti, matandiko ya nyasi na majani makavu ya migomba, mikeka, vikapu na vibuyu. Karibu vyote vilitoka shambani au kwenye kinamasi, na vilipochakaa vilioza na kurudi udongoni. Madebe na mapipa yalileta jambo geni: chombo kinachodumu kuliko kazi kiliyoundiwa. Mafuta yakiisha, debe bado liko imara.

Debe la lita 18 ndilo lililofundisha wengi ufundi huu, Bukavu kama ilivyokuwa katika Afrika Mashariki yote. Fundi alilipasua kwenye mishono, akalinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli au jiwe bapa, akapata karatasi ya bati ya kufunika paa, kuziba mlango au kutengenezea sanduku la nguo. Kingo zilikunjwa mara mbili na kubanwa moja ndani ya nyingine, hivyo kazi nyingi hazikuhitaji risasi ya kuunganishia. Mkebe mdogo wa maziwa uligeuzwa koroboi: tundu kwenye kifuniko, bomba jembamba la bati, na utambi wa pamba au wa shati lililochanika. Pipa la lita 200 lilikuwa na bati nene zaidi, na kwa hiyo likafaa kwa mbabula, jiko la makaa, kwa kuwa bati la mkebe huungua na kutoboka upesi. Pipa zima liliwekwa chini ya mdomo wa paa kukinga maji ya mvua. Hatari haikukosekana. Pipa lililobeba dawa ya kuua wadudu wa mimea halifai kuhifadhia maji hata lioshwe vipi, na koroboi ikianguka ndani ya nyumba ya mbao yaweza kuteketeza nyumba za majirani pia. Mtaa wa Kadutu mjini Bukavu umeujua moto wa namna hiyo mara nyingi.

Mji wenyewe ulikua haraka. Wabelgiji waliuita Costermansville kuanzia 1927, na jina la Bukavu likarudi rasmi katika miaka ya 1950. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani. Waafrika walipangiwa Kadutu na Bagira. Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga Bagira nyumba nyingi za matofali, ndogo na zenye kufanana. Nyumba ya pembe nne ilidai vitu ambavyo msonge haukuvihitaji: kitanda chenye miguu, meza, rafu, pazia la dirisha.

Madai hayo hayakuwa ya ujenzi peke yake. Serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa kuwasajili Waafrika wachache katika hadhi ya kisheria iliyokaribiana na ya Mzungu. Mwombaji alichunguzwa hadi nyumbani kwake: je, familia inakula mezani, ina vijiko na uma, watoto wanalala wapi? Ulikuwa uchunguzi wa kudhalilisha, na ulikifanya chumba kuwa mtihani. Wakati huohuo vituo vya ustawi wa jamii, kama kile kilichofunguliwa Usumbura mwaka 1946, viliwafundisha wanawake kushona, kutarizi na kupanga nyumba kwa mtindo wa Kibelgiji. Karani mwenye mshahara mdogo hakuweza kununua seti ya samani kutoka Ulaya. Aliweza kusimamisha makasha mawili na kulaza ubao juu yake, na mkewe akatandika kitambaa. Gunia la pamba la unga au sukari, likishafuliwa hadi maandishi yafifie, liligeuka pazia au foronya. Gunia la katani lilijazwa nyasi kavu likawa godoro. Vitambaa vya kroshe vinavyofunika viti na meza za Bukavu hadi leo vina asili katika mafunzo hayo, lakini wanawake wamevifanya kuwa vyao kiasi kwamba sebule isiyo navyo huonekana haijamalizika.

Kuna vyombo ambavyo havikuingia kwa wingi chumbani. Kreti na chupa za kiwanda cha bia cha Bralima zilikuwa na dhamana, na aliyezirudisha alipata pesa zake. Kilichobaki nyumbani ni kile ambacho hakuna mwenye duka aliyekitaka tena.

Baada ya uhuru njia za biashara ziliharibika moja baada ya nyingine. Mwaka 1967, kuanzia Agosti hadi Novemba, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji, na mapigano yakauacha na majengo mengi yaliyobomoka. Hatua za Rais Mobutu za Novemba 1973 ziliwanyang'anya wageni maduka na mashamba. Mengi yalifilisika mikononi mwa wamiliki wapya, na bidhaa zikaadimika. Hapo ndipo watu walipozoea kuitaja "Ibara ya 15", sheria isiyoandikwa inayomwambia kila mtu ajitafutie. Mafundi bati na maseremala wa Kadutu wakapanua kazi. Mpira wa ndani wa gurudumu ulikatwa mikanda na kusukwa kwenye fremu ya kiti au kitanda badala ya springi. Magunia ya plastiki ya mchele yalishonwa pamoja yakawa dari, na karatasi za mifuko ya saruji zikabandikwa kwenye kuta za mbao kuzuia upepo. Kazi hizo zinastahili kuhesabiwa pamoja na useremala wenyewe, kwa sababu zina vipimo, zana na wanafunzi.

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na kambi kama Kashusha na Inera zikajaa kaskazini mwa mji. Misaada ilileta malighafi mpya: maturubai ya Umoja wa Mataifa na mikebe ya mafuta ya kupikia yenye maandishi ya Marekani. Vita vya Oktoba 1996 vilizivunja kambi, lakini vitu hivyo vilibaki. Turubai lilitenganisha chumba cha wazazi na cha watoto; mikebe iliyonyooshwa ilipigiliwa milangoni, herufi zake zikionekana nje.

Malighafi ya sasa ni plastiki. Chupa zinazosombwa na mvua hadi ziwani husukumwa mpaka bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako huziba mitambo na kukatisha umeme. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vingine vya plastiki, lakini haikukomesha mtiririko huo. Mjini Bukavu, Nicole Menemene na kampuni yake Plastycor hukata chupa kuwa nyuzi, ambazo husukwa kuwa vikapu, vyungu vya maua na vigoda. Hapa hesabu ya zamani imegeuka. Debe lilitunzwa kwa kuwa lilikuwa adimu na la gharama. Chupa hukusanywa kwa kuwa imezidi na haina bei. Gharama ya kigoda cha plastiki iko katika kuokota, kuosha, kukata na kusuka, na bei yake hufuata saa hizo za kazi.