Mswada Mkononi mwa Mwenzi: Makerere, 1962

Wahenga walisema kuwa nyani haoni kundule. Neno hilo lawahusu watu wote, lakini waandishi lawahusu zaidi. Mtu aliyeishi na mswada wake kwa miezi au miaka huusoma kama alivyokusudia kuuandika, si kama ulivyo. Pengo ambalo mgeni angeliona katika ukurasa wa kwanza, yeye hulivuka bila kujikwaa, kwa sababu daraja limekwisha jengwa ndani ya fikira zake. Kwa hiyo kila fasihi inayotaka kukua huhitaji mahali ambapo mswada waweza kutolewa ungali mbichi, ukasomwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo mwenyewe. Katika historia ya uandishi wa Afrika ya Mashariki, mahali pa namna hiyo palionekana waziwazi mwezi wa Juni, 1962, katika chuo cha Makerere, Kampala.

Mkutano uliofanyika hapo ulikuwa wa waandishi wa Afrika waliotumia lugha ya Kiingereza. Kutoka Nigeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark. Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, wana wa Afrika ya Kusini, walikuwa wakiishi uhamishoni. Kutoka Marekani alikuja mshairi Langston Hughes, na miongoni mwa waandishi wa Afrika ya Mashariki walikuwapo Grace Ogot na Rebeka Njau. Wajumbe hawakukusanyika ili kusikiliza hotuba tu. Vipande vya riwaya, hadithi fupi, mashairi na tamthilia viliwekwa mbele yao, vikajadiliwa na watu waliojua uzito wa kuandika.

Alikuwapo pia mwanafunzi wa Makerere mwenye umri wa miaka 24, aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kilichompa nafasi ya kuketi na wakubwa hao ni hadithi fupi mbili alizokwisha chapisha, moja katika jarida la chuo liitwalo Penpoint, na nyingine katika jarida jipya la Transition. Mswada wa riwaya moja alikwisha uingiza katika mashindano, na sasa alikuwa akishughulika na wa pili. Mficha uchi hazai: kijana aliuchukua mswada huo wa pili, akampa Achebe ausome.

Achebe aliusoma, akamwambia mawazo yake. Ngũgĩ alieleza baadaye kuwa maoni hayo yalikuwa na uzito katika kulipa kitabu chake umbo lake la mwisho. Tena mswada haukuishia chumbani, bali ulifika kwa wachapishaji Heinemann wa London, waliokuwa ndiyo kwanza wameanza mfululizo wao wa waandishi wa Afrika. Mwaka 1964 ulitoka kuwa kitabu, Weep Not, Child, nambari ya 7 katika mfululizo huo.

Yafaa kupima kwa nini shauri lile lilifaa. Kwanza, mshauri alikuwa fundi, si mpita njia. Riwaya yake Things Fall Apart ilikuwa imetoka mwaka 1958. Pili, yeye mwenyewe alikwisha kuonja dawa aliyompa mwenzake. Mwaka 1956, alipokuwa London kwa mafunzo ya utangazaji, alimwonyesha mwalimu wake, mwandishi Gilbert Phelps, mswada wake. Phelps aliufurahia, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Achebe hakukubali, maana aliona kazi bado. Alirudi nao Nigeria, akaondoa sehemu nzima nzima, akabakiza kisa cha Okonkwo peke yake. Aliyepewa sifa akazitumia kama sababu ya kurudi kazini ndiye ajuaye thamani ya kusomwa. Tatu, shauri lilikuja kabla ya chapa. Lawama juu ya kitabu kilichokwisha chapwa humfaa msomaji. Lawama juu ya mswada humfaa mwandishi.

Lakini mlango uliomfungulia Ngũgĩ ulikuwa na kizingiti, na kizingiti hicho kilikuwa lugha. Mwanafunzi mwenye hadithi mbili za Kiingereza aliingia; Shaaban Robert, aliyekwisha toa vitabu vingi vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili kwa kanuni za mkutano. Shaaban alifariki mwezi ule ule wa Juni, 1962. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeikumbusha dunia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind.

Haifai kudhani kuwa Kiswahili hakikuwa na wahakiki. Zamani Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa beti, na beti dhaifu haikukosa wa kuiumbua. Baadaye washairi walikutana katika kurasa za gazeti la Mambo Leo. Kamati ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikagua miswada, na Shaaban alikuwa mjumbe wake. Ila kazi kubwa ya Kamati ilikuwa kusawazisha lugha na kuangalia vitabu vya shule. Iliuliza kama neno limeandikwa sawasawa. Haikuwa kazi yake kuuliza kama mhusika anapumua, au kama sura ya tatu ina haja ya kuwapo. Mshairi alikuwa na baraza lake. Mwandishi wa nathari alikaa peke yake. Kufikirika na Utubora Mkulima vilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960, mwandishi wake akiwa kaburini, hawezi tena kujibu swali wala kufuta mstari.

Mwaka 1963 Obi Wali, mhakiki wa Nigeria, aliandika katika Transition kuupinga msingi wa mkutano ule, akisema fasihi ya Afrika haina budi iandikwe kwa lugha za Waafrika. Ngũgĩ naye mwishowe aliufuata mwelekeo huo. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Huko hakuwapo Achebe wa kubishiwa mlango.

Makerere, basi, ilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba saa chache za msomaji aliye fundi zaweza kukamilisha kazi ya miaka, na kwamba anayechagua lugha ya mkutano huwa amekwisha chagua miswada itakayosomwa. Deni la pili kwa waandishi wa Kiswahili halilipwi kwa kumlaumu Achebe, aliyefanya wema ulio mbele yake. Hulipwa pale ambapo mwandishi mzoefu wa lugha hii hukubali kupokea mswada wa kijana, akausoma hadi mwisho, na kumwambia kweli kabla mtambo wa chapa haujaanza kuzunguka.