Windows Imepigwa Upya, Kosa Liko Palepale

Kila fundi wa kompyuta, awe Kariakoo au Mombasa, ana tiba moja iliyo karibu na mkono: kupiga Windows. Mashine ikigoma kuwaka, faili za mfumo zikiharibika, skrini ikigeuka bluu, anafuta diski, anapakia mfumo endeshi upya, anapokea hela yake. Mara nyingi inatosha. Kazi ipo kwa ile mashine inayorudishwa baada ya wiki na tatizo lilelile, kisha tena mwezi unaofuata, hadi mwenyewe anaanza kumtilia shaka fundi. Mashine za aina hiyo zimewasumbua watu tangu kabla Windows haijazaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell huko Marekani, alikuwa akiitumia kompyuta ya relei siku za wikendi. Siku za kazi mashine ikigundua kosa, wahudumu waliarifiwa wakaja kulirekebisha. Wikendi hakukuwa na mhudumu, kwa hiyo ikikuta kosa iliiacha kazi hiyo na kuingia inayofuata. Hamming alirudi Jumatatu akakuta hesabu zake hazijafanyika, akachukia. Ikiwa mashine inajua kwamba kuna kosa, inashindwa nini kujua liko wapi na kulisahihisha yenyewe? Jibu alilichapisha mwaka 1950: data iongezewe biti chache za ulinzi, zilizopangwa kwa namna ambayo biti moja ikigeuka, mahali pake panajulikana.

Relei zilipoondoka zikaja chipu, na chipu zikaja na vituko vyake. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walieleza kwa nini kumbukumbu zilizo nzima kabisa zilikuwa zikigeuza biti: vifungashio vya chipu vilikuwa na chembechembe za urani na thori, na miali ya alfa iliyotoka humo ilitosha kuigeuza sifuri kuwa moja, au kinyume chake.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, iliweka chipu 9 za kumbukumbu mahali ambapo 8 zingetosha. Ya tisa ilikuwa mlinzi tu: hesabu ya biti isipolingana, mashine inasimama papo hapo na kutangaza kosa. Watumiaji hawakupenda kusimamishwa kazi, na watengenezaji hawakupenda kulipia chipu isiyobeba data. Katika miaka ya 1990 mlinzi huyo akaondolewa katika kompyuta nyingi za nyumbani. Ulikuwa ubahili mbaya, kwa sababu kosa halikuondoka naye; lilibaki kimyakimya.

Hapo ndipo kupiga Windows kunapogonga mwamba. Faili za mfumo zinapotoka kwenye CD au flashi kwenda kwenye diski, hupita kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. RAM ikiwa na tundu moja bovu, faili inaweza kuandikwa kwenye diski ikiwa imeharibika tayari. Mfumo mpya kabisa unakuwa mgonjwa siku ileile uliyowekwa, na fundi anaapa kwamba CD ni mbovu.

Chris Brady alitoa programu ya Memtest86 mwaka 1994 kwa ajili ya mashaka kama haya. Inajiwasha yenyewe, bila mfumo endeshi wowote, kisha inajaza RAM kwa mpangilio fulani wa biti, inausoma tena, inaandika kinyume chake, inausoma tena, mzunguko baada ya mzunguko. Mafundi wazoefu huiacha ikeshe.

RAM ikifaulu, kuna la kutazama kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbao mama nyingi zilitoka na kapasita zenye kimiminika kibovu. Ukifungua boksi unaziona: vichwa vyenye alama ya msalaba, ambavyo vinapaswa kuwa bapa, vimevimba, na pengine ukoko wa kahawia umechuruzika chini. Umeme unaofika kwenye chipu hautulii, na data inavurugika ovyo. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya hasara hiyo.

Na umeme wa ukutani? Tanzania iliingia kwenye mgao mkali mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Windows 98 ilitumia mpangilio wa faili uitwao FAT, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya faili inaweza kubaki nusunusu. NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, huandika kwanza kwenye daftari lake kile inachotaka kubadilisha, hivyo ikiwaka tena inajua ilipoishia. Maudhui ya faili yenyewe hayana ulinzi huo.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichambua taarifa za kuanguka kwa kompyuta za kawaida zipatazo milioni moja. Ili kuikamata RAM, walilinganisha msimbo wa kiini cha Windows uliokutwa kwenye kumbukumbu na nakala yake halisi, wakitafuta biti moja iliyogeuka. Prosesa nazo zilipimwa: kwa mashine zilizotumika vya kutosha ndani ya miezi 8, uwezekano wa kuangushwa na prosesa ulikuwa 1 kwa 190. Kwa iliyokwisha kuanguka mara moja, kuanguka tena kulikuwa karibu 1 kwa 3.