Rangi ya Ugali

Watu wa pwani wanajua tangu kale kwamba jicho hutangulia kinywa. Sinia lililofunikwa kwa kawa la ukili wa rangi humkaribisha mgeni hata kabla halijafunuliwa. Huko bara, Shinyanga na Geita, katika nchi ya Wasukuma na ya dhahabu, historia ya mlo nayo ni historia ya rangi. Na rangi hiyo ndiyo inayomtaabisha leo mgonjwa aliyeshauriwa kubadili chakula.

Kabla mahindi hayajatawala, ugali wa Usukuma ulikuwa wa mtama na uwele, mwekundu au wa kijivu. Viazi vitamu viliwekwa akiba kwa njia mbili: michembe, vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Hiyo ilikuwa kinga ya ukame, na ghala lililojaa lilikuwa heshima ya mji.

Kisha yakaja machimbo. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Posho ya kibarua wa enzi ya mkoloni ilikuwa hasa unga wa mahindi, na kadiri mashine za kukoboa zilivyoenea, sembe nyeupe ikawa alama ya mtu mwenye mshahara. Mtama ukabaki na sura ya kijijini.

Rangi ilinena tena wakati wa uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Watanzania walikula mahindi ya njano ya msaada, na kwa utani wakaita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu ile. Mahindi hayo yana viini vya vitamini A ambavyo meupe hayana, lakini wengi waliyachukia: kila tonge liliwakumbusha njaa. Lishe ilikuwamo, heshima haikuwamo.

Mgodi wa Geita ulipofunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu wilayani Kahama ukaanza uzalishaji mwaka 2001, fedha na watu vilimiminika, na sahani ya mama lishe ikafurika sembe. Leo mwenye kisukari au shinikizo la damu huambiwa arudie dona au mtama, tena kwa kipimo kidogo, azidishe mboga, apunguze chumvi na mafuta. Chakula cha bibi kimerudi kwa jina la dawa. Mara nyingi hupikwa katika sufuria ya pembeni na kupakuliwa mwisho, bonge jeusi peke yake kwenye sahani kubwa. Mgonjwa huona ameadhibiwa, na usiku huiendea sembe kwa siri.

Hapa ndipo upambaji unapokuwa na kazi. Ugali wa mtama ukiviringwa vizuri na kuwekwa kwenye sahani ndogo nyeupe, wekundu wake hung'aa, na kipimo kidogo hakionekani uchache. Nusu ya sahani ichukuliwe na mgagani au majani ya kunde, yaliyopikwa kwa muda mfupi yasipoteze ukijani wake. Kando akae sato wa kuchemsha, amekamuliwa ndimu badala ya kuongezewa chumvi, na vipande vya nyanya mbichi. Kipande cha kiazi lishe, chenye rangi ya chungwa, kinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya ugali, si kuongezwa juu yake.

Mapambo hayashushi sukari mwilini. Kipimo na aina ya chakula ndivyo vishushavyo. Lakini shauri la mganga halifai kitu mlo ukiachwa mezani. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Unga wa Yanga ulishiba matumbo ukashindwa kupendwa. Mtama, ambao ni wa nyumbani, unastahili kupakuliwa kama unavyopakuliwa wa mgeni, na nyumba nzima iule pamoja na mgonjwa.