Matuta ya Uluguru: Kwa Amri na kwa Ujira

Mto Ruvu hupata maji yake mengi katika milima ya Uluguru, na maji hayo ndiyo yanywewayo na sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo serikali imezoea kuutazama udongo wa Mluguru kwa jicho la mtu akaaye chini ya mlima. Makala haya yanahusu matuta ya ngazi, ambayo Waluguru walitakiwa kuyachimba mara mbili: kwanza kwa amri, kisha kwa ujira.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Maafisa walikuwa wameona mashamba yakilimwa penye miteremko mikali, yakichomwa moto kabla ya kupandwa, na udongo ukishuka mtoni. Wala katika hilo hawakukosea. Basi watu wakaamriwa kuchimba matuta na kuacha kuchoma moto. Kazi haikulipwa, na mkaidi aliadhibiwa.

Lakini udongo wa milima ile, mahali pengi, ni mwembamba. Ngazi zilipochimbwa, rutuba ilifukiwa na udongo wa chini usio na nguvu ukatokea juu, hata aliyetii akavuna kidogo kuliko zamani. Tena lilikuwapo jambo ambalo maafisa hawakulipima kwa kamba zao. Kwa Waluguru ardhi ilikuwa mali ya ukoo, nao ukoo hufuatwa upande wa mama. Wengi walilima ardhi ya ukoo usio wao kwa idhini ya mkuu wake, wakimpa ngoto, yaani ada ndogo ya kukiri kwamba ardhi ile si yao. Mtu wa namna hiyo achimbe ngazi za kudumu kwa faida ya nani? Na wengine walihofu kwamba shamba likishatengenezwa litatwaliwa na Wazungu. Hofu hiyo haikuwa upuuzi katika zama zile.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuyapinga matuta. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka huohuo shuruti ikaachwa. TANU, iliyokuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla, ilipata wafuasi wengi milimani.

Nusu karne baadaye matuta yalirudi kwa mlango mwingine. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo wanaohifadhi udongo, na miongoni mwa walipaji alikuwamo DAWASCO, shirika la umma lililouza maji Dar es Salaam wakati huo. Malipo yalifuata ukubwa wa eneo na aina ya kazi. Hayakufanana na vocha za pembejeo zilizotolewa na serikali nchini kuanzia msimu wa 2008/09, ambazo zilifidia takriban nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja ya mahindi au mpunga. Aliyekosa fedha za nusu yake alibaki na karatasi mkononi.

Kwa maoni yangu, ujira ulijibu nusu ya malalamiko ya 1955, yaani ile ya jasho. Nusu ya pili ni ya ardhi yenyewe. Malipo yakihesabiwa kwa eneo, mwenye mashamba mapana hupata zaidi. Naye alimaye kwa hisani ya ukoo mwingine hana budi kuomba ruhusa kabla ya kuchimba, kisha akubaliane na mwenye ardhi ni nani atakayepokea fedha.