Gargar ya Garissa: Kundi Lisilo na Usiku wa Kuagana

Kwingi duniani, bendi ikifika mwisho watu huitwa ukumbini, nyimbo zote za zamani zikapigwa kwa usiku mmoja, wengine wakalia, vyombo vikafungwa. Anayeandika historia fupi ya Gargar, kundi la wanawake wa Kisomali wa Garissa, asihangaike kuutafuta usiku wa namna hiyo. Kundi kama hili halina, na sababu ni kwamba taasisi yenyewe si wale wanaopanda jukwaani, ni harusi zilizowalea. Mwimbaji huchoka, harusi haziishi. Jina lao kwa Kisomali maana yake ni msaada, na nadhani lina ukweli kuliko walivyokusudia, kwa sababu waliosaidiwa kwanza ni wao, tena na bulla za Garissa, ile mitaa iliyotanda mashariki ya mto Tana, ambako mama, shangazi na jirani walikuwa shule, hadhira na mfuko wa fedha kwa pamoja.

Shule hiyo inaitwa buraambur. Ni utungo wa wanawake, kama gabay ulivyo wa wanaume, na siku yake kubwa ni shaash saar, pale bibi harusi anapofungwa kichwani shaash, kitambaa cha mke aliyeolewa. Chumba ni cha wanawake pekee. Anayeghani anasimama, ngoma ya durbaan inapigwa kwa viganja, na pasipo na durbaan mtungi wa plastiki wa lita 20 unafanya kazi hiyo hiyo; wengine wanashika pigo kwa makofi. Beti ikiisha, wawili wanaingia katikati, shali mkononi, wanaruka na kukita miguu wakitazamana, na noti za kutuza zinaanza kutoka kwenye pochi. Asiyejua ataona shangwe tu. Waliomo ndani wanasikiliza kitu kingine: kama mtunzi ameshika sauti moja ya mwanzo wa maneno kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama sheria ya ushairi wa Kisomali inavyotaka. Lugha hii ilipata maandishi rasmi mwaka 1972, tena upande wa pili wa mpaka, Somalia, kwa hiyo kwa vizazi vingi sikio la wanawake hawa ndilo lililokuwa daftari na ndilo lililokuwa msahihishaji.

Nguvu ya msingi huu inaonekana ukiuweka kando ya ndugu mkubwa wa Gargar, Waaberi. Hili lilikuwa kundi la taifa la Somalia, lililokua miaka ya 1960 na 1970 chini ya serikali, na Mogadishu ilikuwa na ukumbi wa taifa uliofunguliwa 1967. Mshahara, jengo, redio, ziara za nje: kila ambacho Garissa haikupata. Januari 1991 utawala wa Rais Siad Barre ulipoanguka, wasanii wa Waaberi wakatawanyika. Maryam Mursal, moja ya sauti zake kubwa, alikimbia na watoto wake hadi Djibouti, kisha akapata hifadhi Denmark. Waaberi haikupata usiku wa kuagana. Iliondoka na aliyekuwa akiilipa. Mwaka huo huo, upande wa Kenya, sheria za hali ya hatari zilizotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 ndipo zilipoondolewa. Kwa karibu miaka 28 serikali ilikuwa imeijua Garissa kwa vizuizi vya barabarani na misako, na mwaka 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto. Hakukuwa na wizara ya kulipa waimbaji, na asiyelipwa na serikali haanguki nayo.

Kuna watakaosema napamba uhaba: kwamba kuwanyima watu ukumbi na kisha kuusifu uvumilivu wao ni kejeli. Hoja hiyo ni ya haki, na sidai kwamba Garissa haihitaji ukumbi. Ninachodai ni kwamba ukumbi ungeongeza kitu juu ya harusi, usingechukua nafasi yake. Pingamizi la dini ni zito zaidi. Wako masheikh wasiotaka muziki katika sherehe, na zipo familia zilizoacha durbaan na kubaki na qasida. Lakini buraambur ina kinga ambayo bendi ya jukwaani haina: ni maneno, makofi na ngoma, wanawake mbele ya wanawake, mlango umefungwa. Waliolaumiwa zaidi ni wale waliotoka nje na kuimba mbele ya wanaume na kamera, na hapo ndipo Gargar walipojitia hatarini.

Walitoka kwa sababu harusi ina udhaifu mmoja mkubwa. Haitunzi majina. Beti zilizotungwa kumsifu bibi harusi fulani na mama yake huliwa pamoja na pilau, na baada ya miaka kumi hakuna anayemkumbuka mtunzi. Ketebul Music, studio ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa na inayojulikana kwa kuhifadhi muziki wa Kenya, iliwarekodi, ikatoa albamu ya Garissa Express. Humo sauti zinazoitikiana na makofi zimekutana na vyombo vya studio. Mtu anaweza kunung'unika kwamba kilichorekodiwa si buraambur yenyewe, na atakuwa sahihi nusu: hakuna anayeruka pale, hakuna noti, na utungo wa studio haumjui bibi harusi yeyote. Nusu ya pili ni kwamba sasa kuna kitu chenye jina la Garissa kwenye jalada ambacho si ripoti ya usalama. Siku wanawake hawa watakapoacha jukwaa, albamu itabaki kabatini, na Ijumaa inayofuata katika bulla fulani mtu atageuza mtungi chini juu na kuanza kuupiga.