Fidla Ilivyovuka Kwenda Ng'ambo

Mpiga fidla wa Zanzibar hahitaji gari la kubebea chombo chake. Anakitia kwenye kasha, anapita vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Darajani, anavuka barabara, na hapo ameshaingia Ng'ambo. Siku hizi ni mwendo mfupi wa miguu. Zamani palikuwa na hori la bahari, na maji yakijaa, mji wa mawe ulibaki upande wake na mji wa udongo na makuti upande wake. Taarab ya Unguja ilikua kwa watu kuvuka pale, wengine wakienda na wengine wakija, na fidla ilikuwamo karibu kila safari.

Mwanzo wa taarab, kama wazee wanavyosimulia, ni ikuluni. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi zaidi ya 70 inayolazwa mapajani. Kilichopigwa siku hizo kilikuwa cha Kiarabu, maneno na mahadhi. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa, klabu ya watu waliotaka kupiga wenyewe badala ya kusikiliza tu. Jina walilichukua mbali: ndivyo walivyojiita wanafalsafa wa Basra miaka elfu moja nyuma. Udi, kanuni, nai na fidla vikawa na nyumba nje ya ikulu.

Fidla ni mzaliwa wa Ulaya, ila shingo yake haina vipande vya chuma vinavyoamua sauti iangukie wapi. Kidole kikisogea kidogo tu, unapata zile sauti za kati ambazo mahadhi ya Kiarabu hayaendi bila hizo na ambazo kinanda hakiwezi kuzitoa. Kidole hichohicho kinaweza kumfuata mwimbaji wa Kiswahili anapovuta irabu, kuteleza naye, kupumzika naye. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, fidla haikupata kuwa mgeni Unguja.

Wa kwanza kuvuka kwa kishindo alitokea upande wa pili. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watumwa, alikuwa akitembeza vyungu vya udongo kwa kuuza, na sauti yake ilimtangulia mtaani kabla hajafika. Alihamia mjini mwaka 1911, akakaa Ng'ambo. Pamoja na wanamuziki wenzake Subeit bin Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban aliichukua taarab akaiweka katika Kiswahili cha watu aliokuwa akiishi nao. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Katika nyimbo zake mna mapenzi, lakini mna pia mahakama na dhuluma: wimbo wa Kijiti ni habari ya mwanamke aliyekuja kutembea Unguja kutoka Dar es Salaam akauawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia waliomkaribisha. Siti alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Miaka hiyo redio na filamu za Misri zilikuwa zikileta bendi kubwa zenye safu za fidla, sello na besi, na klabu za Unguja nazo zikataka safu. Mwaka 1958 kikaanza kikundi cha vijana wa chama cha Afro-Shirazi kilichoitwa Shime Kuokoana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikawa chini ya serikali, na hatimaye watu wakakijua kwa jina la Culture. Hao ndio walioifungulia ngoma mlango. Makame Faki, fidla mkononi na sauti nzito kifuani, alikuwa akikaa kwenye safu ya Culture, na siku nyingine akipiga kidumbak kwenye harusi za Ng'ambo: ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa, na sanduku la majani ya chai lililofungwa fimbo na uzi mmoja badala ya besi. Hapo hakuna kukaa kwenye viti ukasikiliza bashraf, muziki wa ala bila mwimbaji, kwa adabu. Wanawake wako katikati, viuno vinazungushwa, nyimbo zinaunganishwa bila kupumua, na upinde wa fidla unakimbia kuliko unavyoruhusiwa klabuni. Sahani yao ya mwaka 1997, Makame Faki na wenzake wa kidumbak waliipa jina la mtaa wenyewe, Ng'ambo.

Miaka hiyohiyo ya 1990 kinanda cha umeme kiliingia kwa nguvu, na vikundi kama East African Melody vikazijaza kumbi kwa taarab ya kisasa iitwayo rusha roho. Kinanda kimoja kilishika kazi ya safu nzima. Siwalaumu, maana watu walicheza na wenye harusi walipunguziwa gharama, ila fidla nyingi zilibaki ukutani. Mwaka 2002 kikafunguliwa Mji Mkongwe, katika jengo la forodha ya zamani linalotazama bahari, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy. Watoto na watu wazima walikaa chumba kimoja kufundishwa fidla, udi, kanuni na kidumbak. Humo alipitia Siti Amina, mpiga udi na mwimbaji, ambaye baadaye na wenzake wa Siti & the Band waliichanganya taarab na jazi na rege.

Mwaka 2020 ilitoka sahani ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, akiimba nyimbo za bibi huyo. Muziki ulisimamiwa na Mohamed Issa Matona, mpiga udi na fidla wa Unguja, na mitambo ilishikwa na Sam Jones. Nyimbo zilizosikika kwenye santuri za Bombay zikivuma kwa mbali, sasa zinasikika karibu na sikio: sauti ya kitukuu, udi chini yake, na besi inayotembea polepole.